Gari Dogo Lililobadilishwa: Namna ya Kulijenga Upya kwa Ajili ya Uwanja Bila Kupoteza Pesa na Usalama

Maandishi ya mazungumzo na watumiaji wa bidhaa na huduma



Mada tuliyowaletea leo huenda baadhi yenu mkaiona kuwa ni ya vijana wapenda kasi peke yao. Inahusu gari dogo la aina ya hachibaki, yaani lile ambalo mlango wake wa nyuma hufunguka kwenda juu pamoja na kioo. Gari hilo limekwisha kubadilishwa na mwenyewe wa kwanza, na sasa mnunuzi mwingine anataka kulijenga upya ili aliendeshe uwanjani.

Tumeichagua mada hii kwa sababu inagusa watu wengi kuliko inavyodhaniwa. Mnunuzi mara nyingi ni kijana aliyepata kazi yake ya kwanza. Fedha zake ni akiba ya miaka kadhaa, au ni mkopo wa chama cha akiba ambao mzazi au rafiki ameudhamini. Gari likiharibika, deni hubaki. Breki zikishindwa kazi, hasara haipimwi tena kwa shilingi.

Siku ya uwanja ni siku ambayo mwenye gari hulipa kiingilio na kuendesha gari lake katika njia iliyofungwa, mbali na watembea kwa miguu na malori. Kwa kawaida hakuna mshindi. Anayetaka kasi tunamhimiza aitafute huko, wala si katika barabara kuu ya Nairobi kuelekea Nakuru usiku wa manane. Nchi yetu imezoea michezo ya magari tangu mbio za Safari zilipoanza mwaka 1953, na mwaka 2021 mbio hizo zilirudi katika mashindano ya dunia. Hatuna nia ya kumvunja mtu moyo. Nia yetu ni kumwonyesha mtumiaji mahali ambapo fedha zake na uhai wake vinaweza kuponyoka mikononi mwake.

Jambo la kwanza: litaje kusudi la gari, tena kwa maandishi

Kama mtasahau yote tutakayosema, tunaomba mlikumbuke hili. Mwambie kila mtu unayefanya naye biashara kwamba gari hili litaendeshwa uwanjani, na uhakikishe kuwa neno hilo limeandikwa kwenye karatasi. Liandikwe kwenye makadirio ya gereji, kwenye risiti ya spea, na kwenye barua yako kwa kampuni ya bima.

Wengi huficha kusudi hilo. Wanaogopa kwamba fundi atapandisha bei au bima itakataa. Lakini tazameni sheria inavyosema. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya Sheria za Kenya, mnunuzi akimjulisha mfanyabiashara kusudi maalumu la bidhaa, kwa namna inayoonyesha kwamba anategemea ujuzi wake, na bidhaa hiyo ni ya aina ambayo mfanyabiashara huyo huiuza, basi sheria huweka sharti kwamba bidhaa hiyo iwe inafaa kwa kusudi hilo. Asiyetaja kusudi lake amelitupa sharti hilo yeye mwenyewe. Pedi za breki alizouziwa zitahukumiwa kwa matumizi ya kwenda sokoni na kurudi, na kwa matumizi hayo huenda hazina kasoro yoyote.

Kuna tanzu moja hapa ambayo watumiaji wengi hawaijui. Ukiingia dukani katika barabara ya Kirinyaga ukaagiza spea kwa jina la biashara la bidhaa hiyo, sharti la kufaa kwa kusudi maalumu linaweza kukuponyoka, kwa kuwa umechagua mwenyewe na hukutegemea ujuzi wa muuzaji. Kwa hiyo eleza kazi kwanza: uzito wa gari, aina ya injini, na kwamba litazungushwa uwanjani. Mwache muuzaji apendekeze, kisha umwombe aandike pendekezo lake.

Kabla ya kununua: soma mkono wa aliyekutangulia

Gari lililobadilishwa lina historia mbili. Ya kwanza ni ya kiwandani, nayo imeandikwa. Ya pili ni ya mwenye gari na fundi wake, na mara nyingi haikuandikwa popote. Mnunuzi hulipia historia ya pili bila kuisoma.

Uliza orodha ya kila kilichobadilishwa, nani alikibadilisha, na kama sehemu za awali zimehifadhiwa. Muuzaji akikupa springi, viti na ekzosi za kiwandani pamoja na gari, amekupa mali yenye thamani. Asipokuwa nazo, weka gharama ya kuzitafuta ndani ya bei unayojadili.

Baada ya hapo liinue gari na ulitazame chini. Springi zilizokatwa kwa msumeno ili gari lishuke ni dalili mbaya, kwa sababu springi iliyofupishwa namna hiyo inaweza kutoka mahali pake gurudumu linaponing'inia. Tafuta nyaya zilizounganishwa kwa utepe tu, hasa pale palipofungwa taa au vipaza sauti. Tazama kutu na alama za kuchomelea kwenye nguzo za bodi na pale shoku zinaposhikiliwa. Omba injini ipimwe mgandamizo, silinda moja baada ya nyingine. Tofauti kubwa kati ya silinda inaeleza mengi kuliko maneno ya dalali. Kama injini ina turbo na kompyuta yake imepangwa upya, uliza ni nani aliyeipanga na kwa petroli ya kiwango gani. Mpango uliofanywa kwa petroli bora kuliko inayouzwa katika vituo vyetu unaweza kuiua injini polepole bila mwenyewe kusikia chochote.

Hakikisha pia kwamba nambari ya injini na rangi ya gari vinalingana na kumbukumbu za usajili. Injini iliyobadilishwa bila Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi kuarifiwa ni tatizo utakalolirithi siku ile ile unayopokea ufunguo.

Mkumbuke vilevile kwamba muuzaji wa kibinafsi, ambaye biashara yake si magari, hafungwi na sharti la kufaa kwa kusudi kama anavyofungwa mfanyabiashara. Kwa mtu kama huyo, ukaguzi wa kabla ya malipo ndio kinga yako kubwa. Mlipe fundi asiyehusika na mauzo akukagulie. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na bei ya injini.

Rudisha kwanza, ongeza baadaye

Kosa tunaloliona mara kwa mara katika malalamiko ya aina hii ni la mpangilio. Fedha za kwanza huenda kwenye nguvu: turbo kubwa, ekzosi, kompyuta ya injini. Breki husubiri mwezi ujao. Sisi tunashauri kinyume chake: shilingi ya kwanza ilipie kusimama, na shilingi ya mwisho ilipie kukimbia.

Tuieleze sababu kwa hesabu. Breki hugeuza mwendo kuwa joto. Gari la kilo 1,000 linaloenda kilomita 60 kwa saa likisimama kabisa, joto linalozalishwa ni takriban kilojuli 140. Gari hilo hilo likiwa uwanjani, likapunguza mwendo kutoka kilomita 140 hadi 60 kwa saa ili liingie kwenye kona, joto ni takriban kilojuli 620, zaidi ya mara nne. Mjini, baada ya kusimama, breki hupata muda wa kupoa. Uwanjani kona inayofuata iko mbele ya macho, na mzunguko unaofuata ni huo huo tena.

Joto hilo huingia katika mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa kadiri yanavyokaa, na unyevu hushusha kiwango chake cha kuchemka. Kwa mujibu wa viwango vinavyotumika kimataifa, mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi joto 205, lakini yakiwa yamenyonya maji kiwango hicho hushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Dereva hukanyaga pedali ikafika sakafuni na gari likaendelea kwenda. Chupa moja ya mafuta mapya, pamoja na kazi ya kuyabadilisha yote na kutoa hewa, ni miongoni mwa matengenezo ya bei nafuu kabisa katika safari hii yote. Jihadharini na kitu kimoja: DOT 5, isiyo na nukta na moja, ni mafuta ya silikoni, na hayachanganywi na hayo mengine.

Pedi nazo zichaguliwe kwa uangalifu. Pedi za mashindano hushika vizuri zikiwa za moto. Zikiwa baridi nyingine hazishiki ipasavyo. Kwa anayeendesha gari lile lile kwenda kazini asubuhi, pedi hizo ni hatari kwenye kivuko cha kwanza cha watoto wa shule. Mwambie muuzaji kwamba gari lina kazi mbili, au upange kubadilisha pedi kabla na baada ya siku ya uwanja.

Baada ya breki, matairi. Kila tairi lina tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno mazuri lakini la umri mkubwa limekuwa gumu, na ugumu huo hauonekani dukani. Soma tarakimu hizo mwenyewe, usisomewe.

Kisha njoo kwenye upozaji. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,700 na zaidi. Hewa yetu ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 15 kuliko ya pwani, hivyo injini isiyo na turbo hupoteza sehemu ya nguvu zilizoandikwa katika karatasi zake za Japani, na rejeta nayo hupata hewa pungufu ya kuipoza. Maji ya kawaida huchemka hapa kwa takriban nyuzi 95. Kinachoyazuia kuchemka ndani ya injini ni mchanganyiko sahihi wa dawa ya rejeta na shinikizo linalofungiwa na kifuniko chake. Kifuniko kilicholegea kimeua injini nyingi, ilhali ni spea ya bei ndogo. Badilisha hicho, mipira ya maji, themostati na oili kabla hujafikiria turbo.

Shoku, bushi na boljointi zifuate, halafu alaimenti. Hapo ndipo gari litakuwa limerudishwa katika afya yake. Liendeshe uwanjani likiwa hivyo, hata mara mbili au tatu. Wengi hugundua kwamba nguvu walizokuwa nazo ziliwatosha, na kilichopungua ni mazoezi ya dereva.

Kiti, mikanda na kizimba

Hapa tunaomba msikilize kwa makini, kwa sababu vifaa vya usalama vinaweza kudhuru vikifungwa nusu nusu.

Mkanda wa kiwandani, kiti cha kiwandani na mfuko wa hewa vimebuniwa kufanya kazi pamoja. Ukiondoa kimoja umeuvunja mpango mzima. Mikanda ya mashindano humfunga dereva wima bila kumruhusu kuinama. Gari likipinduka na paa likabonyea, mwili wake hauna pa kukwepea. Ndiyo maana mikanda hiyo huambatana na kiti kinachofaa na kizimba cha mabomba ya chuma kinachoizuia paa kushuka. Kizimba nacho, kikiwa karibu na kichwa kisicho na helmeti, ni chuma kinachosubiri ajali ndogo ya mjini. Gari lenye kizimba halifai kubeba familia Jumapili.

Viti na mikanda yenye idhini ya shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, FIA, huwa na lebo ya kiwango na tarehe. Lebo ikikosekana, ikibanduliwa au ikionyesha muda uliopita, usinunue hata kama bei inavutia. Kuhusu helmeti, zipo zilizothibitishwa kwa pikipiki na zipo zilizothibitishwa kwa magari. Zile za magari, kama zenye alama ya Snell SA, hupimwa pia kwa ustahimilivu wa moto. Waulize waandaaji wa uwanja ni kiwango gani wanachokubali kabla ya kununua, maana helmeti haikopeshwi tumaini.

Makubaliano na gereji

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika gereji, daftari hilo ni makadirio ya gharama.

Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu nzima kuhusu matengenezo ya magari. Kwa ufupi, mtengenezaji anatakiwa kukupa makadirio kabla ya kukutoza, na bili ya mwisho haipaswi kuyazidi makadirio hayo kwa zaidi ya asilimia 10. Kazi mpya ikitokea, idhini yako itafutwe upya. Sehemu zilizotolewa kwenye gari ni haki yako kurudishiwa, isipokuwa ulisema huzihitaji. Zidai, kwa sababu ndizo ushahidi kwamba kazi ilifanyika. Spea mpya au zilizofanyiwa ukarabati, pamoja na kazi ya kuzifunga, huchukuliwa kuwa na dhamana ya angalau siku 90 au kilomita 5,000, kutegemea kinachotangulia.

Sasa mtaona kwa nini tulianza na kusudi la gari. Dhamana hiyo haimfaidi mtu aliyeitumia sehemu vibaya. Gereji iliyoambiwa kwamba gari ni la kwenda kazini inaweza kudai kwamba kulizungusha uwanjani ni matumizi mabaya, na dai hilo litakuwa na uzito. Gereji iliyoandika kwa mkono wake kwamba kazi ni ya kutayarisha gari la uwanja haiwezi kulisema hilo kwa urahisi. Sentensi moja kwenye karatasi inaweza kuwa tofauti kati ya kutengenezewa bure na kulipa mara ya pili.

Gawanyeni kazi kwa hatua: ukaguzi, breki na matairi, upozaji, sasipensheni, kisha injini. Kila hatua iwe na bei yake, muda wake na malipo yake. Usilipe fedha zote mwanzoni. Gari lililofunguliwa kabisa, lisilo na injini wala viti, likiwa ndani ya ua wa mtu uliyekwisha kumlipa kila kitu, ni nafasi dhaifu mno kwa mteja. Piga picha kabla na baada ya kila hatua, na ulipe kwa njia inayoacha kumbukumbu.

Bima na barabara

Bima ya mtu wa tatu ni lazima kwa gari linalotembea barabarani, kwa mujibu wa Sura ya 405. Lakini mikataba mingi ya bima haifidii hasara itokanayo na mashindano au majaribio ya kasi. Soma ukurasa wa yale yasiyofidiwa kabla ya kwenda uwanjani. Usidhani kwamba kukosekana kwa mshindi kunakuokoa. Uliza, na upate jibu lililoandikwa. Mabadiliko ya gari nayo yatangazwe. Mkataba wa bima husimama juu ya ukweli, na anayeficha jambo la maana humpa mwenye bima sababu ya kukataa dai, hata kama ajali ilitokea sokoni gari likiwa limeegeshwa.

Kama gari limebadilishwa kiasi cha kutostahili barabara, lisiendeshwe kwenda uwanjani. Libebwe. Gharama ya kulibeba iwe katika bajeti tangu siku ya kwanza, wala isije ikagunduliwa asubuhi ya safari.

Mambo yakiharibika

Anza na gereji au duka lenyewe, kwa barua au ujumbe unaoeleza kasoro, tarehe na unachodai. Usiruhusu spea iliyoharibika itupwe. Ikiwa bidhaa ni ghushi, lipo shauri la Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi. Ikiwa haikufikia kiwango, lipo Shirika la Viwango la Kenya. Ikiwa ulidanganywa kuhusu bidhaa au huduma, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya watumiaji. Na ikiwa dai lako halizidi shilingi milioni 1, Mahakama ya Madai Madogo inaweza kulisikiliza, na sheria inataka mashauri yake yamalizwe katika siku 60. Huko, makadirio, picha, risiti na ile sentensi moja kuhusu kusudi la gari ndivyo vitakavyokusemea. Msingi wa haki hizi ni Ibara ya 46 ya Katiba, inayompa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, haki ya habari, haki ya ulinzi wa afya na usalama wake, na haki ya fidia.

Maswali ya kubeba

Kwa kumalizia, tunawapa maswali matano. Yajibuni kabla ya kutoa malipo yoyote.

1. Je, kila ninayemlipa ameandika kwamba gari hili ni la uwanja?

2. Je, nina orodha ya mabadiliko yote yaliyofanywa, na fundi asiyehusika amelikagua?

3. Je, breki, matairi na upozaji vimekamilika kabla ya nguvu kuongezwa?

4. Je, bima yangu imejibu kwa maandishi?

5. Je, nikipoteza gari hili lote kesho, deni litabebwa na nani?

Swali la tano ndilo gumu zaidi, na halijibiwi na fundi. Lijadilini nyumbani, pamoja na yule aliyekubali kuudhamini mkopo.